Ndege wa Mida Hufuata Maji

Kikundi kinachofika hori la Mida saa kumi alasiri, siku ya mwezi mpevu, hukuta mandhari ya kadi ya posta: maji yamejaa mpaka matawi ya chini ya mikoko, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo, na juu ya mtumbwi yangeyange mmoja. Basi. Mwongozaji atajitahidi, atawatafutia mdiria kivulini, atawasimulia habari za mizizi, lakini maelfu ya ndege wa tope ambao wageni wamewafuata hawapo. Wameshajikusanya kwenye vipande vya mchanga visivyofikiwa na maji, mbali na njia ya miguu, wanasubiri bahari ipwe.

Kikundi hicho hicho kingefika saa nne asubuhi kingekuta kinyume chake. Tope lingekuwa limeanikwa mpaka macho yachoke, na ndege wametapakaa juu yake, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama. Wapo, lakini ni wa kuamini zaidi kuliko kuona.

Matembezi mengi ya ndege katika pwani hii ya Kenya huharibika namna hiyo, kabla hata gari halijawashwa. Watu hupanga safari kwa saa za hoteli, chai saa moja, kuondoka saa mbili, na bahari haina habari na chai yao. Anayetaka kuwaona ndege wa Mida kwa raha aanze na mwezi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na wavuvi wa Watamu huifanya bila karatasi. Kujaa na kupwa kwa maji huchelewa kila siku kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari katika pwani ya Kenya hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo huweza kupita mita 3. Ndani ya hori, ambamo maji hulazimika kupenya kwenye mlango mwembamba, mambo huchelewa kidogo. Wiki moja baadaye huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana; tope pana hubaki wazi, na ndege hawana haja ya kusogea popote.

Saa ya kutafutwa ni ile maji yanaporudi. Tope linapofunikwa kidogo kidogo, ndege hurudi nyuma hatua kwa hatua huku wakiendelea kula, na kikundi kilichokwisha kutulia ukingoni huletewa ndege na bahari yenyewe. Kwa matembezi ya asubuhi, chagua siku ya pili au ya tatu kabla ya mwandamo au kabla ya mwezi mpevu. Maji yatakuwa yamepwa saa mbili hivi, na kati ya saa tatu na saa tano darubini hazitapumzika. Kwa alasiri, chagua siku ya nne au ya tano baada ya mwandamo au mwezi mpevu. Maji hupwa saa saba au saa nane mchana, na kikundi kinaweza kuanza saa tisa na nusu, jua likiwa limepunguza ukali. Kwa walio upande wa magharibi wa hori, ulio karibu na barabara kuu ya Mombasa na Malindi, alasiri ina faida nyingine: jua liko mgongoni. Asubuhi upande huo jua humulika usoni, na ndege wote huwa weusi. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linatosha kupangia haya yote, ukikumbuka kuongeza muda kidogo kwa ajili ya hori.

Ukishaujua mwezi wa angani, kuna miezi ya mwaka. Ndege wageni huanza kuonekana Agosti, huwa wengi kuanzia Oktoba hadi Machi, na Aprili huondoka. Mei hadi Julai hubaki vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa na hawana la kuwakimbiza kaskazini. Watu wengi huenda Desemba kwa sababu ya likizo, na si vibaya, lakini anayeweza kuchagua achague mwisho wa Machi. Wakati huo kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, yule wataalamu wanayemwita Calidris ferruginea, aliyekuwa wa kijivu miezi yote, huanza kupata madoa mekundu kifuani, leo tone, kesho kiraka, mpaka anakuwa na rangi ya tofali. Hayo ni mavazi ya kuzalia, na atakwenda nayo mpaka Siberia ya mbali, kwenye nyika za barafu. Mwaka 2024 shirika la IUCN lilimhamishia kwenye kundi la ndege walio hatarini. Pale Mida bado ni mmoja wa wale wanaoonekana kwa wingi, na hilo humfanya mgeni asiamini anapoambiwa.

Hori lenyewe ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kusini mwa Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na mwaka 1979 UNESCO iliiingiza sehemu hii ya pwani katika orodha yake ya hifadhi za biosfia. Kwa matatu, shuka kabla ya Gede ukitokea Mombasa, bodaboda watajua.

Njia inayojulikana zaidi ni ile ya mbao iliyoning'inizwa katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ukingoni mwa tope. Ilijengwa chini ya mpango ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya mwaka 2001, ambao hutumia mapato ya utalii kuwasaidia kwa karo wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hili. Mbao na chumvi havipatani, kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda na uulize hali ya njia wiki hiyo. Uliza pia ada: ipi ni ya kijiji, ipi ya hifadhi, ipi ya mwongozaji, na inalipwaje. Kikundi kinachoanza kubishana juu ya pesa langoni hupoteza nusu saa, na maji hayamsubiri mtu.

Kikundi kiwe cha watu wanane, au kumi wakizidi sana. Kibanda hakibebi zaidi kwa raha, na njia ya kuning'inia hupaswa kupitwa kwa zamu. Mmoja akitembea, darubini ya mwenzake inacheza kama iko ndani ya dau. Kikiwa kikundi kikubwa, kigawanywe na kila nusu ipewe mwongozaji wake. Na darubini zihesabiwe kabla ya safari: watu kumi wenye darubini nne ni watazamaji wanne na wasindikizaji sita.

Mfano mzuri wa namna kikundi kinavyoweza kuendeshwa uko Nairobi, mbali na bahari. Matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, ambayo Fleur Ng'weno ameyaongoza tangu 1971, yamewafundisha watu wa kila namna, wakiwemo wengi ambao leo ni waongozaji wa kulipwa. Siri yake moja ni nyepesi: asiyejua husimama karibu na anayejua, na swali la kijinga halichekwi. Mida pia fanya hivyo. Aliyekuja kwa mara ya kwanza akae mbele kabisa, jirani na mwongozaji, na yule mwenye kamera ndefu akae nyuma au pembeni. Mara nyingi huwa kinyume.

Kuna jambo moja la lugha ambalo huleta vicheko na kukosa ndege kwa wakati mmoja. Waongozaji wengi wamefundishwa kuonyesha upande kwa uso wa saa: mbele ni saa kumi na mbili, kulia ni saa tatu. Hiyo ni saa ya Kizungu. Anayesoma saa kwa Kiswahili akisikia "saa tatu" huona mshale ukielekea kwenye tisa, anageuka kushoto, na ndege anaruka kulia. Kubalianeni mapema, au achaneni na saa kabisa. "Unauona mchu ule uliosimama peke yake? Teremka nao mpaka chini, kisha sogea kulia upana wa vidole viwili." Hakuna anayepotea kwa maelekezo hayo.

Kuhusu vifaa, darubini ya mkono iliyoandikwa 8x42 inatosha kwa watu wengi: hukuza mara 8, na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 42, hivyo mwanga unaingia wa kutosha. Zinazokuza mara 10 na zaidi huvutia dukani na kutetemeka mkononi. Ila tope la Mida ni pana, na chombo kitakachoamua kama mmeona au hamkuona ni darubini kubwa ya miguu mitatu. Mwongozaji mzuri anakuja nayo. Muulize kabla, na kama hana, tafuta mwenye nayo hata kama bei yake inapanda. Isimamishwe kwa kimo cha mfupi kuliko wote. Mrefu atainama, mfupi hawezi kurefuka. Weka jicho bila kushika bomba, tazama kwa pumzi tatu, mpishe mwenzako, kisha urudi nyuma ya foleni.

Mengine ni ya kawaida: kofia, maji ya kunywa, shati la mikono mirefu lisilong'aa. Nyeupe iachwe nyumbani. Malapa nayo yaachwe, tope la mikoko likishika lapa halirudishi; viatu vya kufunga kamba, vya zamani, ndivyo.

Sasa kibandani. Tuseme maji yameanza kurudi, na kwenye ukingo wake, kwa mbali, kuna mstari wa ndege weupe warefu kuliko wengine. Mwongozaji atawafikia hao kwanza, kwa sababu hao ndio wanaoifanya Mida isifanane na tope jingine. Vitabu havipatani kuhusu jina la Kiswahili la ndege huyu, kwa hiyo hapa aitwe mla-kaa. Kitaalamu ni Dromas ardeola. Mwili mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo mweusi mnene kama kisu cha kufumulia nazi. Katika ukoo wake yuko peke yake duniani, hana ndugu hata mmoja.

Mtazame anavyowinda. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, huinamisha kichwa kana kwamba amesikia jina lake, kisha hukimbia tena. Chini yake kuna kaa dume wenye gando moja kubwa, wanaopunga juu ya mashimo yao kama watu wanaosimamisha matatu. Wengi huwahi kuzama shimoni. Asiyewahi hukamatwa, akatikiswa, akapondwa, akamezwa.

Kuzaa kwake ndiko kunakomfanya msimulizi asiishiwe na maneno. Ndege wengine wa tope hukwangua kijishimo juu ya ardhi na kutaga mayai manne ya madoadoa. Mla-kaa huchimba. Kwenye visiwa na fukwe za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, katika miezi ya joto kali, wao hukusanyika kwa makundi na kuchimba mashimo marefu ndani ya mchanga, na mle gizani jike hutaga yai kwa kawaida moja tu, jeupe kama la kuku. Yai la gizani halihitaji madoa ya kujificha. Joto la mchanga husaidia kulitunza, na mzazi anaweza kutoka kwenda kula bila wasiwasi mkubwa. Kisha wanakuja huku, kwa mapana ni njia ile ile ya majahazi, ingawa wao hawangoji kaskazi ianze kuvuma.

Na hawaji peke yao. Hapa ndipo kikundi kinapopaswa kutulia na kuacha kuhesabu. Kando ya mla-kaa mweupe mwenye mgongo mweusi utaona mwenzake wa kijivu mgongoni, kama aliyepakwa majivu. Huyo ni mtoto wa mwaka ule. Ameshavuka bahari kwa mbawa zake, lakini bado anamfuata mzazi hatua kwa hatua, ameinamisha shingo, anapiga miluzi ya kuomba. Mzazi akikamata kaa, mtoto hukaza mwendo. Wakati mwingine hupewa. Wakati mwingine mzazi humpa kisogo na kumeza mwenyewe, na mtoto hubaki amesimama akitazama tope kana kwamba limemkosea. Mambo hayo huendelea kwa miezi, na ni nadra sana miongoni mwa ndege wa tope, ambao wengi wao hujilisha tangu siku ya kwanza.

Baada yake tazama walio karibu zaidi. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, naye ni mla kaa mzuri, lakini ana adabu za mezani: hukung'uta miguu ya kaa mpaka ing'oke, mara nyingine humchovya majini, ndipo ameze. Kuna mdogo mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya manjano, anayekimbia huku na huko ameinama kama mtu aliyeangusha sarafu. Ni Xenus cinereus, na ukishamwona akikimbia hutamchanganya tena na mwingine. Juu, furukombe au kwazi akipita, tope lote huinuka kwa pamoja, na hapo ndipo utajua walikuwa wangapi.

Kuna jozi moja ambayo mwanzo wa safari usijisumbue nayo: wale ndege wawili waitwao viluwiluwi wa mchanga, mkubwa na mdogo, ambao wazoefu wenyewe hubishana juu yao mpaka chai inapoa. Andika "kiluwiluwi wa mchanga" na uendelee na maisha.

Makelele ni adui, lakini adui mkubwa ni miguu. Mtu mmoja anayeshuka kwenye tope ili apige picha nzuri zaidi anaweza kuwaondolea wenzake tisa kila kitu. Dalili ziko wazi kwa anayezitazama: ndege waliokuwa wakila huinua vichwa, kisha huanza kutembea wakiondoka, kisha huruka. Rudi nyuma mara uonapo ile dalili ya kwanza. Ndege wa mwezi Machi anajinenepesha kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila anaporushwa bure anatumia sehemu ya mafuta aliyoyakusanya kwa kudonoa. Kupiga makofi ili kundi lipae upate picha ni ukorofi, hata kama picha itapendwa na watu elfu. Kuwaita ndege kwa sauti za simu nako kuachwe.

Hori hili pia ni la watu. Mtakutana na wavuvi, na wanaorudi na kaa ndani ya vikapu. Salamu kwanza, shikamoo kwa wazee, na kamera ibaki shingoni mpaka ruhusa itolewe. Mvuvi aliyesalimiwa vizuri mara nyingi ndiye atakayesema heroe wako wapi leo, jambo ambalo hata mwongozaji hakulijua.

Kundi kubwa huhesabiwaje? Si kwa kidole. Hesabu ndege kumi kweli kweli, mmoja mmoja, na utazame kumi hao wanachukua nafasi gani ndani ya darubini. Kisha pitisha nafasi hiyo juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Kwa makundi makubwa zaidi fanya hivyo kwa hamsini au mia. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake bila kuambizana, halafu walinganishe. Wakitofautiana sana, warudie kabla ndege hawajaruka. Namna hiyo ndiyo hutumika hata kwenye hesabu ya ndege wa majini inayofanywa Kenya kila Januari, ambayo watu wa kujitolea huishiriki pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya.

Maji yakishafika kwenye mizizi chini ya kibanda, kazi imekwisha. Kaeni kivulini, mwongozaji asome orodha kwa sauti na kila mmoja aseme alichokiona na ambacho hakukiona. Wapo watakaoona haya kusema hawakumwona mla-kaa, waulizwe kwa upole, mara nyingine bado yupo mmoja wa kuonyeshwa. Andikeni tarehe, saa mliyoanza, saa mliyomaliza, na hali ya maji, kisha mtu mmoja aipeleke orodha kwenye eBird au Kenya Bird Map siku ile ile, maana ya kesho haifiki. Mkiona ndege mwenye pete mguuni, andikeni rangi za pete na mguu upi, kulia au kushoto, na muwaambie A Rocha Kenya, ambao makao yao yako hapo hapo Watamu na ambao huwavisha pete ndege wa hori hili.

Wenye nguvu iliyobaki wanaweza kupanda mpaka mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako buabua na shakwe hulala kwa makundi mchangani. Huko nako msiende bila mwenyeji. Maji ya Sabaki ni ya udongo, hayaonyeshi kitu, na mtoni kuna viboko.